Wewe si Upo? Mwongozo wa Kufanyia Kazi Nyumbani Ukiwa Mwanza

Jumatatu moja, saa 4 na nusu asubuhi, nilikuwa kwenye kikao cha mtandaoni nikisoma hesabu za robo mwaka, nikasikia sauti dirishani: "Mama, wewe si upo? Naenda mjini mara moja. Wingu likikaza, niokolee dagaa wangu." Hakusubiri jibu. Dagaa walikuwa wameanikwa juu ya turubai uani, na haikupita saa moja mvua ya Mwanza, ile isiyopiga hodi, ikaanza kugonga bati. Nikawaacha watu sita kwenye skrini, mkurugenzi akiwa katikati ya swali, nikatoka mbio na kanga kichwani.

Dagaa walipona. Swali la mkurugenzi lilijibiwa na mtu mwingine.

Huu ni mwaka wangu wa tano nafanyia kazi nyumbani, hapa Mkolani. Naandaa hesabu na taarifa za miradi za shirika ambalo ofisi yake iko Dar es Salaam. Nilipoanza, kila mtu alinionya kuhusu uvivu. Wavivu wapo, lakini hao hata ofisini walikuwa hivyohivyo. Mimi kilichoniangusha ni kwamba kazi ya nyumbani haionekani. Bosi haioni, anahisi umelala. Jirani haioni, anakuhesabu miongoni mwa wanaoshinda nyumbani. Watoto hawaioni, kwao mama yupo basi. Mwenyewe nawe huoni ilipoanzia wala ilipoishia, mpaka unajikuta saa 5 usiku unajibu baruapepe na ugali umeganda kwenye sahani. Kwa hiyo karibu kila hatua utakayoisoma hapa ni ujanja wa kuifanya kazi ionekane, kwao na kwako.

Kabla ya yote: pima kama kazi yako inahamishika

Muuguzi hahamishiki, wala mtu wa kiwanda cha minofu ya sangara, wala anayepima samaki pale Mwaloni Kirumba. Wanaohamishika ni watu wa hesabu, uandishi, tafsiri, usanifu, programu za kompyuta, huduma kwa wateja kwa simu, na sehemu kubwa ya kazi za miradi. Hata ndani ya kazi moja kuna vipande vinavyohamishika na vingine havihamishiki. Mimi kuandaa taarifa nafanya vizuri zaidi nyumbani, ila kuhakiki risiti na vocha lazima niketi meza moja na mwenye nazo.

Ukienda kuomba ruhusa, nenda na hoja za kweli. Utafiti unaotajwa kuliko yote ni wa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, uliofanyika mwaka 2010 na 2011 kwenye kampuni ya usafiri ya Ctrip, Shanghai. Wahudumu wa simu waliojitolea waligawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa: wa tarehe shufwa wakaenda nyumbani siku nne kwa wiki, wa tarehe witiri wakabaki ofisini. Baada ya miezi 9 wale wa nyumbani walikuwa wamefanya kazi zaidi kwa asilimia 13, na walioacha kazi miongoni mwao walipungua kwa nusu.

Wengi wanaousimulia huishia hapo. Mimi napenda yale ya pembeni. Sehemu kubwa ya hiyo asilimia 13 ilitokana na dakika za kazi kuongezeka tu: mapumziko yalipungua, na siku za kuugua pia. Kila aliyekwenda nyumbani alitakiwa kuwa na chumba ambamo yuko peke yake saa za kazi. Jaribio lilipokwisha na watu wakaachiwa wachague, karibu nusu walirudi ofisini, na sababu kubwa ilikuwa upweke. Na ukilinganisha watu wenye kazi sawa, wa nyumbani walipandishwa vyeo mara chache zaidi.

Weka pembeni yake kisa cha India. Mwaka 2020, wakati wa korona, kampuni moja kubwa ya teknolojia iliwapeleka nyumbani wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mkupuo. Saa za kazi ziliongezeka, kazi iliyotoka haikuongezeka. Vikao vilizidi, muda wa kukaa na kazi moja bila kukatizwa ukapungua, na wenye watoto nyumbani waliumia zaidi. Wa Shanghai walijitolea na walikuwa na chumba, wa India walisukumwa. Ukiulizwa kama kazi ya nyumbani inaongeza ufanisi, uliza kwanza nyumba yenyewe ikoje na nani yuko ndani.

Hatua ya 1: Andikishaneni na bosi

Ruhusa ya mdomo, ile ya "sawa, tutaona," hufa siku bosi anapohamishwa. Omba iandikwe hata kwa baruapepe ya mistari mitano: siku zipi uko nyumbani, saa zipi unapatikana, kazi yako itapimwa kwa nini, na nani analipia bando na umeme. Hilo la mwisho watu huliacha kwa aibu, kisha wanalalamika mwaka mzima.

Neno la kulipigania hapo ni la kupimwa. Kama bosi wako anakupima kwa kitone cha kijani kinachoonyesha uko mtandaoni, utaishia kutikisa mausi kila dakika tano kama mtu anayetikisa mtungi wa gesi uliokwisha. Kubalianeni juu ya vitu vinavyotoka: ripoti ngapi, lini, kwa ubora gani. Kisha uvitangaze mwenyewe kabla hujaulizwa. Kila Jumatatu kabla ya saa 3 asubuhi natuma ujumbe wa namna hii:

"Wiki hii: hesabu za Mei za Ukerewe, zitakufikia Jumatano jioni. Majibu ya mkaguzi, Ijumaa saa 6 mchana. Napatikana kwa simu saa 2:30 hadi 6:30, na saa 8 hadi 11 jioni. Nimekwama: risiti za mafuta ya boti za Aprili hazijafika."

Ijumaa nautuma uleule, nikiandika kilichotoka na ambacho hakikutoka. Unachukua dakika tano. Usiache mstari wa "nimekwama," maana ndio unaokulinda. Ofisini mtu aliyekwama huonekana, anashika tama na mwenzake anamuuliza. Nyumbani ukikwama kimya, wiki ikiisha utaonekana hukufanya kitu.

Na kama wewe ndiye bosi: wapigie watu wako simu ya dakika kumi Jumatatu, halafu waache. Anayehitaji kupigiwa mara nane kwa siku ana shida ambayo simu ya tisa haitaitibu.

Hatua ya 2: Tafuta pembe yako

Wengi wetu tumepanga chumba na sebule, kwa hiyo tusidanganyane kuhusu "ofisi ya nyumbani." Unachohitaji ni pembe moja isiyofanya kazi nyingine. Meza ielekee ukutani, mgongo wako usielekee kitandani, maana kamera haina adabu, itawaonyesha wafadhili chandarua chako. Kitanda chenyewe kiache kabisa. Nilifanyia kazi kitandani miezi miwili ya mwanzo, nikapata maumivu ya mgongo na usingizi ukakimbia, kwa kuwa mwili ulishindwa kujua kitanda ni cha nini.

Kiti cha plastiki kinafaa ukiweka mto mgumu nyuma ya kiuno. Inua kompyuta kwa vitabu au debe mpaka macho yaangalie mbele, halafu nunua kibodi ya pembeni ya bei nafuu. Nyumba ya bati isiyo na siling'i bodi haikaliki saa 8 mchana, basi kazi nzito ifanyike asubuhi na mchana uwe wa kazi nyepesi. Mvua ikianza kugonga bati usipige kelele kikaoni. Nimekubaliana na wenzangu neno moja: naandika "bati" kwenye uwanja wa ujumbe, nao wanajua kuanzia hapo nachangia kwa maandishi.

Hatua ya 3: Umeme, bando na radi

Nyumba ikiwa na mita moja ya LUKU kwa wapangaji wanne, jiandae kusikia manung'uniko. Uani kwetu yalianza mwezi wa pili: "Sisi tunatoka asubuhi tunarudi jioni. Anayeshinda hapa na mafeni ndiye anayetumalizia umeme." Nilikasirika, kisha nikachukua karatasi nikapiga hesabu mbele yao. Kompyuta inapochaji hula kama wati 60, feni ya mezani wati 50, ruta wati 10. Jumla 120. Kwa saa 9 ni wati-saa 1,080, yaani uniti moja na kidogo. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, shilingi 356 hivi kwa uniti, inakuja kama shilingi 385 kwa siku. Siku 22 za kazi ni shilingi 8,500 hivi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja mfululizo inakaribia matumizi yangu ya siku nzima, na uani kwetu kuna pasi tatu.

Sikushinda kesi yote. Walikubali kwamba si mimi ninayemaliza umeme, mimi nikakubali kuongeza shilingi 10,000 kwa mwezi juu ya mchango wangu, na hiyo 10,000 nikaiandikia ofisi kwenye madai. Ofisi ililipa. Ungeshangaa mambo mangapi hulipwa yakiwa na hesabu. Mwenye uwezo aweke mita yake ndogo ya pembeni, umbea unaisha siku hiyohiyo.

Umeme utakatika, hilo lipange kama unavyopanga mvua. Betri ya kompyuta ianze siku ikiwa imejaa. Pawabenki kubwa inayowasha ruta itakupa saa kadhaa, na ni rahisi kuliko inveta. Zaidi ya hapo, jua mapema ni wapi utakimbilia: mgahawa wenye jenereta, maktaba ya chuo kama unaruhusiwa, ofisi ya rafiki. Usianze kutafuta dakika kumi kabla ya kikao.

Bando: kuwa na laini mbili za mitandao tofauti, maana mnara mmoja ukilala mwingine mara nyingi unaamka. Kikao cha video cha watu wengi kinaweza kula zaidi ya GB 1 kwa saa, sauti peke yake haifiki MB 100. Washa kamera mwanzoni mkisalimiana, kisha omba ruhusa uzime. Bosi mwenye busara ataelewa, hasa bando likiwa lake.

Radi nayo. Ukanda huu wa ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na kuzima swichi hakutoshi. Ngurumo ikisogea, chomoa plagi ya ruta na chaja kabisa kwenye soketi, endelea na betri. Nilipoteza ruta moja nikijifunza hilo.

Hatua ya 4: Watu

Hapa ndipo penye kazi. Meza utainunua, jirani humnunui.

Anza na waliomo ndani. Niliwaita wanangu nikawaonyesha kanga nyekundu. Ikiwa imetundikwa kwenye kitasa cha mlango, mama yuko kazini Dar. Ikishuka, mama amerudi Mwanza. Walilipenda kama mchezo, na kwa watoto mchezo hushika kuliko amri. Tatizo lilitokea siku jirani alipomuuliza mdogo, "Mama yupo?" naye akajibu kwa uso mkavu, "Yuko Dar." Jioni nikaletewa pole ya safari na swali la zawadi iko wapi. Lakini tangu siku hiyo uani wote wanaijua kanga, na wakiiona imening'inia wanapunguza sauti.

Ukiwa na dada wa kazi, kaa naye uongee naye vizuri. Anapata shida kuliko wewe, kwa sababu zamani alikuwa na nyumba yake mchana, sasa ana bosi wa kutwa. Mwambie wazi kwamba saa za kanga yeye ndiye mwenye nyumba: mtoto akilia ni wake, anayebisha hodi ni wake, asikuite mpaka kuwe na moto au damu. Na wewe utimize, usitoke kila nusu saa kuonja mchuzi.

Niseme na hili, wanaume mnisamehe. Mwanamume akifanyia kazi nyumbani, nyumba nzima hunyamaza, baba anafanya kazi. Mwanamke akifanyia kazi nyumbani, anaulizwa mchana tunakula nini. Mume wangu si mtu mbaya, ila mwaka wa kwanza aliona ni jambo la kawaida niinjike maharage "kwa kuwa upo." Nikayainjika. Niliunguza sufuria tatu ndani ya mwezi mmoja, ya tatu ikiwa ya mama mkwe. Ndipo tukakaa tukagawana: mchana ni kiporo au cha kununua, maharage huchemshwa Jumapili kwa wiki nzima, na wiki anazokuwa na zamu ya usiku yeye ndiye anayewapokea watoto shuleni. Mgawanyo huu uandikwe na ubandikwe. Usiposemwa, kazi zote za nyumbani zitamwangukia aliye karibu nazo, na aliye karibu nazo ni wewe.

Majirani wanataka upole na muda maalumu. Ukimwambia mtu "nina kazi" hasikii, kwa sababu anakuona. Mwambie saa: "Shikamoo mama. Leo niko kazini mpaka saa 6 na nusu, nikitoka nakuja mwenyewe." Halafu uende kweli. Ukienda mara mbili tatu bila kukosa, ataanza kukutafuta saa 6 na nusu.

Wageni ni mtihani wa aina yake. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando inahudumia Kanda ya Ziwa yote, kwa hiyo kila mwenye ndugu Sengerema, Geita au Magu na nyumba Mwanza anajua maana yake. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wa ng'ambo hawasubiri tena kivuko, wanafika hujamaliza chai. Na wakisikia uko nyumbani kutwa, wewe ndiye msindikizaji. Methali inasema siku ya tatu umpe mgeni jembe, lakini mama mdogo aliyekuja kliniki humpi jembe.

Nilichojifunza ni kukubali mapema na kukubali kwa saa. "Mama mdogo, karibu sana. Kesho saa 1 asubuhi nakusindikiza mpaka dirisha la mapokezi. Saa 3 narudi kazini. Saa 9 nakuja kukufuata, na bodaboda wa kuaminika namba yake hii hapa." Hakuna aliyewahi kuchukia jibu hilo. Na kama hali ni nzito, chukua siku ya likizo waziwazi. Sheria inakupa siku 28 kwa mwaka, na mbili tatu kati ya hizo kuziweka Bugando ni bora kuliko kujifanya uko kikaoni huku nyuma yako wanaita majina ya wagonjwa.

Hatua ya 5: Ipe siku mlango wa kuingilia

Ofisini kulikuwa na safari. Mimi ilikuwa daladala kutoka Mkolani, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni, mpaka mjini. Tulikuwa tunailaani, lakini ndiyo iliyokuwa inatutoa kwenye umama na kutuingiza kwenye uhasibu. Ukiiondoa, weka kitu badala yake. Naoga, navaa nguo ya kutokea, natoka mpaka barabarani, nanunua vitumbua viwili, narudi, natundika kanga. Ni dakika kumi na tano. Siku ninapoiruka kwa kujiona mjanja, saa 5 asubuhi bado niko na dera na kichwa hakijawaka.

Asubuhi fanya kile kinachoumiza kichwa. Simu iwe chumba kingine. Ujumbe wa kazi nausoma saa 3, saa 6 na saa 10, na niliwaambia wenzangu hivyo. Cha dharura wanipigie.

Wanaofanya kazi na watu wa nje, angalieni saa. Uingereza hubadilisha saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, sisi hatubadilishi. Kikao cha saa 3 asubuhi ya London kwetu ni saa 6 mchana wakati wa baridi yao, lakini kuanzia mwisho wa Machi kinakuwa saa 5 asubuhi. Mwaka wangu wa kwanza niliingia saa 6 kamili nimejiandaa vizuri kweli, nikakuta chumba kitupu na ujumbe mmoja wa kuulizia kama niko salama. Wateja wa New York ni wagumu zaidi: asubuhi yao ya saa 3 ni saa 10 au 11 jioni yetu, wakati mji unatoka kazini. Ukikubali kazi ya namna hiyo, siku yako ianze mchana. Usifanye asubuhi ya Mwanza na jioni ya New York zote mbili, hakuna mwili wa kazi hiyo. Tena ukiishi karibu na maji, taa na skrini za usiku huita wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotanda kama moshi. Funga dirisha mapema.

Hatua ya 6: Funga duka

Kuanza si kazi, kazi ni kumaliza. Saa 11 jioni naandika mistari mitatu kwenye daftari: kilichotoka, kilichobaki, cha kuanzia kesho. Nafunga kompyuta, naiingiza kabatini. Kanga inashuka. Kompyuta iliyo mezani wazi itakuita usiku, ya kabatini ina aibu.

Ujue na haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa kawaida wa saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, saa nzima ya mapumziko ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, saa 12 za kupumzika kati ya kumaliza na kuanza tena, na malipo ya saa za ziada yasiyopungua mara moja na nusu ya kawaida. Mameneja wa juu wana utaratibu wao, lakini sisi wengine kufanyia kazi sebuleni hakujatuondoa humo. Ufaransa tangu Januari 2017 makampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi yanatakiwa kujadiliana na watu wao kuhusu haki ya kutoshika simu ya kazi baada ya saa za kazi. Huku kwetu jadiliana mwenyewe. Mimi nilimwandikia bosi: "Baada ya saa 12 jioni ujumbe nitauona asubuhi. Kukiwa na dharura nipigie." Kwa miaka minne na ushee amenipigia mara mbili. Ule ujumbe wote wa saa 4 usiku uliokuwa unanikosesha usingizi haukuwa na dharura, alikuwa anaandika asije akasahau.

Grupu la kazi la WhatsApp liweke kimya usiku. Na usiwe wewe wa kutuma saa 5 ili uonekane mchapakazi. Unawaharibia wenzako na haikuongezei cheo.

Hatua ya 7: Usipotee

Kumbuka wale wa Shanghai waliokosa vyeo. Kampuni ileile, sasa ikiitwa Trip.com, ilijaribu tena mwaka 2021 na 2022 kwa wafanyakazi 1,612, safari hii kwa siku mbili tu za nyumbani kwa wiki. Walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, tathmini za utendaji na vyeo havikutofautiana na vya waliokuwa ofisini siku zote. Kwa maoni yangu, mwenye ofisi mji huohuo asiombe siku tano nyumbani. Aombe mbili au tatu.

Sisi ambao ofisi iko mbali tunatafuta njia nyingine. Nakwenda Dar mara moja kwa robo mwaka, na siku hizo sipeleki kazi ya kuandika, naenda kukaa na watu na kula nao mchana. Hapa Mwanza, Jumatano nafanyia kazi mjini na wenzangu wawili wa mashirika mengine, tunachangia meza kwenye ofisi ya mmoja wao. Hatufanyi kazi moja, lakini mmoja akiguna mwingine anauliza kulikoni. Jioni tunashuka mpaka ufukweni, tunakula sato wa kuchoma, tunamsengenya kila mtu kwa haki.

Baada ya wiki nne

Fungua daftari lako la jioni uhesabu. Vitu ulivyoahidi Jumatatu ni vingapi, vilivyotoka ni vingapi. Siku ngapi ulifunga kabla ya saa 12. Mara ngapi ulikatizwa na nani. Mimi nilikuta "dirishani" mara 31 mwezi wa kwanza, ndipo nikahamisha meza upande wa pili wa nyumba. Usingizi ukoje. Mara ya mwisho kuongea ana kwa ana na mtu asiye wa nyumbani ilikuwa lini.

Kama vinavyotoka vimepungua na saa zimeongezeka, usingoje bosi agundue. Mpigie wewe, mpelekee hesabu hizo, omba kubadilisha: siku mbili za ofisini, au mchango wa meza ya kukodi, au saa za kazi zisogee mpaka watoto watakapokuwa shule. Na kama nyumba yenyewe haikubali, kwa sababu mmelala watano chumba kimoja au ukutani kwenu kuna fundi wa kuchomelea, omba kurudi ofisini kabla robo mwaka haijaisha, wakati bado rekodi yako ni nzuri.